Siku Sein Alipokuwa wa Ishirini na Moja

Wenzangu mliosoma enzi za kwenda shule na kidumu cha maji mkononi, bila shaka mnaikumbuka siku ya kufunga shule. Kule kwetu Umaasaini, karibu na mji wa Bissil, sare ilifuliwa jana yake ikaanikwa juu ya ua wa miiba, na miguu ikapakwa mafuta mpaka vumbi likaganda kama unga. Hakuna aliyepelekwa kwa basi la manjano. Tulitembea, tukiruka bladda, ile kamba ya mipira, njiani, na ukichelewa mwalimu wa zamu alikungoja langoni bila haraka yoyote. Nikiwaambia wanangu hapa mjini Kitengela, huniuliza kwa nini hatukupiga simu.

Mimi nilikuwa namba moja kila muhula. Sein, binti wa baba yangu mdogo, tuliishi boma moja na kukaa deski moja darasa la sita. Yeye aliingizwa shule akiwa amechelewa, baada ya miaka ya kuchunga mbuzi, na muhula wa kwanza akawa wa arobaini na nane kati ya watoto hamsini na wawili.

Sijui ni nini kilimwingia baada ya hapo. Njiani aliniomba nimfundishe hesabu za sehemu, nami nikamgawia mbuzi wa kufikiria: theluthi zizini, robo mtoni. Mambo ya mbuzi aliyajua kuliko mimi, na punde sehemu zikamkaa kichwani. Wakati wa mapumziko tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, yeye alibaki na kitabu, uji wake ukipoa kando. Muhula wa pili akawa wa thelathini na tano. Wa tatu, mwalimu wetu alipotusomea matokeo siku moja kabla ya kufunga, Sein alikuwa wa ishirini na moja. Nilimshika mkono chini ya deski, nikamwambia kwa uhakika wa mtu aliyezoea kuitwa, "Kesho lazima utaitwa mbele kupewa zawadi."

Ni mimi niliyesema hivyo. Yeye akaenda akamwambia mamake.

Ng'oto Sein, yaani mama yake Sein, hakuwa amekanyaga shule hata siku moja. Kesho yake alivaa shanga zake za sherehe, akatembea nasi, akaketi mbele kabisa kwenye nyasi. Tulipita tukimwinamishia vichwa kwa salamu ya watoto wa Kimaasai, naye akatugusa utosini mmoja mmoja. Mwalimu mkuu akaita wa tatu, wa pili, kisha mimi. Nilipewa beseni la buluu lenye madaftari sita ndani. Halafu akatuomba tusimame kwa sala.

Ng'oto Sein alingoja watu wapungue, akamfuata mwalimu mkuu. Hakujua Kiswahili, na mwalimu hakujua Kimaasai, kwa hiyo nikaitwa nitafsiri. Aliuliza kama jina la mwanawe limesahaulika. Mwalimu akajibu kwa upole tu kwamba zawadi ni za watatu wa kwanza, na huyu ni wa ishirini na moja. Nikatafsiri. Mama alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Na wale aliowapita, hawahesabiwi?"

Mwalimu akanigeukia. "Anasemaje?"

Nilikuwa nimekumbatia beseni langu. Nilimwogopa mwalimu, niliona haya watu wakitutazama, na nikisema kweli, sikutaka siku yangu iharibike.

"Anasema asante," nikajibu.

Mwalimu akatabasamu, akaenda zake. Sein alikuwa amesimama hapo hapo. Lugha zote mbili alizijua.

Hatukugombana. Tulirudi nyumbani watatu, na beseni liliponichosha Sein alinipokea bila kuombwa. Lakini mwaka uliofuata hakuniomba tena nimfundishe kitu. Alirudi thelathini na kitu, akarudi arobaini, na kabla ya darasa la nane akaacha shule. Mimi niliendelea kuitwa mbele, mpaka chuo, mpaka kazi, mpaka nyumba hii ya Kitengela.

Mwaka huu, kwenye mkutano wa wazazi, tuliulizwa kama shule imtuze mtoto anayeongoza au aliyepanda zaidi. Baba mmoja alisema ukimtuza wa ishirini unawafundisha wengine uvivu. Nikasimama nikasimulia habari ya Sein, pamoja na uongo wangu. Wakakubali kuwatuza wote wawili. Siku ya soko nikaenda Bissil, nikamkuta Sein akiuza maziwa, nikamweleza nikidhani nimemletea habari njema.

Alinimiminia kikombe kwanza, akanikalisha.

"Mimi beseni halikunisumbua," akasema. "Ni ile asante yako. Mama aliuliza swali, akaona mwalimu anatabasamu na kuondoka. Mpaka anakufa, alijua alichekwa."

Nilikunywa maziwa yale mpaka tone la mwisho.

Siku hizi mambo ni laini. Juzi mwanangu mdogo alileta cheti cha kuvaa soksi safi, akataka kitundikwe sebuleni, na baba yake akakitundika. Mzazi akiwa na swali, mwalimu humjibu kwa simu kabla ya chakula cha mchana. Nawacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Naitamani sana barabara ile ya vumbi, na uji ule wa shule wenye moshi. Ila kila nikitaka kuwaambia wanangu kwamba enzi zetu zilikuwa bora, huwa nasita, kwa maana kuna mtu mmoja Bissil ambaye siwezi kusema hivyo mbele yake.