Kitu Ulichosahau Nje ya Zipu

Habari za kifo chake nilizipata nikiwa kwenye foleni ya kupima majani, katika kile kibanda cha kununulia chai kilicho upande wetu wa Mogogosiek. Jirani yangu aliyekuwa mbele aligeuka, akatua kikapu chake, akasema, "Yule Daktari wa Nailoni ameenda. Jana, akiwa anakunywa chai." Karani wa mizani akauliza kama chai yenyewe ilikuwa ya hapa. Hakuna aliyecheka, kwa sababu karani hakuwa anatania, alitaka kujua. Nilisimama pale nikifikiri kwamba marehemu angelipenda swali hilo, na angelijibu kwa utaratibu, kuanzia shambani hadi kikombeni.

Kwa makaratasi hakuwa daktari. Alikuwa klinikal ofisa, tabibu wa ngazi ya chini ya daktari, katika hospitali ndogo ya shamba moja la chai, na mimi nilikuwa karani wa rekodi mlango wa pili. Jina la Nailoni lilitokana na kifaa tulichopewa na wafadhili miaka ya tisini, wakati redio ilikuwa haiishi kutaja homa za kutisha za nchi za mbali. Niwaeleze kilivyokuwa. Chukua machela, uifunike kwa hema dogo la nailoni linaloonyesha ndani, uweke zipu ndefu ubavuni na feni ndogo ya betri inayochuja hewa. Kutani ushonee glavu nene za mpira zinazotazama ndani. Mgonjwa analala humo; wewe unasimama nje, unaingiza mikono kwenye glavu, unamhudumia bila kumgusa. Kikikunjwa, chote kinaingia kwenye masanduku mawili. Wafanyakazi walikuja kukitazama mmoja mmoja, na wengi wakakubaliana kwamba ni nasari ya miche ya chai, kile kitalu kinachofunikwa kwa nailoni, ila hii ina zipu.

Yeye hakukitazama sana. Alianza mazoezi. Kila saa sita mchana alilaza gunia la majani humo ndani, akafunga zipu, akajaribu kuingiza sindano kwenye kipande cha mpira alichokiita mshipa. Siku ya kwanza alilidunga gunia mara kumi na moja na mpira hata mara moja hakuupata. "Mikono ikiwa humu si yako," alituambia, bila kuona aibu yoyote. "Ni ya mtu mwingine, na huyo mtu ni mzembe. Lazima umfundishe kazi." Akawaletea wauguzi mahindi makavu wapukuchue kwa zile glavu, punje kwa punje, hadi vidole vikazoea. Pia aliandika orodha ya kila kitu kinachotakiwa kuwa ndani kabla ya kufunga, na ilisomwa kwa sauti kila mara, hata kwa gunia. Palikuwa na kimfuko cha pembeni cha kupitishia chakula, lakini kukitumia vizuri kulichukua dakika kumi, na mtu aliyezibwa pumzi hana dakika kumi. "Kitu ulichosahau nje ya zipu," alisema, "hesabu kiko mbali, kiko Londiani."

Kisha akaja mgonjwa wa kweli. Alikuwa mchuma chai aliyetoka safari ya mbali, mwili unawaka moto, fizi zinatoka damu. Hatukujua ana nini. Amri ikawa awekwe ndani ya hema hadi gari la kumpeleka Nairobi lipatikane, damu yake ikiwa imeshatangulizwa huko kupimwa, maana sisi tulikatazwa kuipima. Mumewe akapewa kiti dirishani, upande wa nje.

Asubuhi ya pili, daktari alikuta zipu iko wazi vidole vinne. Akamwita mhudumu wa wadi, mzee aliyekuwa amefanya kazi kwenye nasari ya chai miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu.

"Mzee, nani amefungua hapa?"

"Ni mimi, daktari. Miche huwezi kuifungua kwa ghafla, itakauka. Leo vidole vinne, kesho mkono, keshokutwa unatoa nailoni yote."

Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alivaa gauni na barakoa, akamnawisha mzee kwa dawa, akaagiza apimwe joto asubuhi na jioni na asitoke wadini. Kisha akamweleza, pole pole, kama anayemfundisha mjukuu. "Mzee wangu, kule nasari ulikuwa unalinda mche usipigwe na upepo. Hapa tunalinda upepo usipate ugonjwa kwa mche." Mzee akafikiri, akasema basi hiyo ni kazi tofauti kabisa, angeambiwa mapema. Daktari akakubali kwamba kosa ni lake, angemwambia mapema. Halafu, mkono ukiwa bado kwenye zipu, akauliza, "Na ule mvuke unaoziba nailoni, kule mnaufanyaje?" Mzee akajibu kwamba unapangusa kwa kitambaa cha sabuni, maji yanateleza, unaona ndani. Kwa kuwa zipu ilikuwa imeshafunguliwa, kitambaa kikaingia, kisha zipu ikafungwa. Kikaandikwa pia kwenye orodha, mwisho kabisa, na mzee akaomba asomewe.

Mchana huohuo mwili wa yule mama ulikakamaa, ukaanza kurukaruka, kisha akatapika akiwa chali. Koo likaanza kuziba. Alipohema kwa nguvu, nailoni yote ikajaa mvuke, tukawa hatuoni kitu ila kivuli kinachogeuka buluu. Mumewe akagonga dirisha. "Fungueni! Mnamuua! Fungueni hiyo kitu!" Muuguzi mmoja akashika zipu.

"Sista, toa mkono," daktari alisema, sauti ileile ya kupukuchua mahindi. "Kila kitu kiko ndani. Mzee, glavu za upande wako. Nipanguzie."

Mzee akaingiza mikono, akapangusa, na uso wa mgonjwa ukatokea. Daktari akamlaza ubavu, akaingiza kipira cha kuvuta uchafu, akavuta, akavuta tena, akaweka kifuniko cha hewa mdomoni na puani, akaanza kuubana mfuko wake wa kupumulia. Kila mvuke uliporudi, mzee alipangusa. Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka mama akikohoa, na mzee akisema, kwa sauti ya mtu anayekagua kitalu, "Huyu ameshika mizizi."

Majibu yalikuja siku tatu baadaye: malaria kali, na meno mabovu. Shamba zima likacheka. Tuliyemwona shujaa akawa mtu aliyetibu malaria kupitia nailoni, na jina likamganda hadi juzi. Niliwahi kumwuliza kama linamuudhi. Akaniuliza, "Siku ile wewe ulijua ni malaria?" Nikasema hapana. "Basi. Zipu ni ya siku ambayo hujui." Akarudi kwenye mahindi yake.

Tulimzika Jumamosi. Mvua ya alasiri iliwahi kabla ya watu kumaliza kuaga, na kioo kidogo cha jeneza kikajaa mvuke. Watu walikuwa wanainama, hawaoni kitu, wanapita kwa heshima. Akafika yule mama, sasa ana mvi, amestaafu kuchuma. Akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa kioo taratibu kutoka pembe hadi pembe, akatazama. Akasema, "Na wewe ulinitazama hivi hivi." Kisha akamwambia kwa lugha ya kwao, "Kongoi," asante, akasogea, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukamwona marehemu vizuri.

Wasomaji wangu, kila mmoja wenu ana kazi ambayo siku moja itamfungia mlango ghafla, na mwalimu na fundi hawana tofauti hapo. Siku hiyo hamtapewa mikono mipya. Mtatumia ile mliyoifundisha saa sita mchana, kwa gunia, watu wakiwacheka. Someni orodha yenu kwa sauti, na mkimkuta aliyekosea, kabla hamjafunga zipu, muulizeni anajua nini.