Safari ya Japani Niliyoitafsiri

Mwaka 2019 kanisa letu la Fort Worth lilialikwa kutuma kijana mmoja kwenye mkutano wa wamisionari huko Japani, katika nyumba ya mafungo iliyo mlimani. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi ya maana sina, na kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani wa ibada ya Jumapili. Kichwani nilishapanga hadi soksi, maana nilisoma kwamba Wajapani huvua viatu mlangoni. Wazee wakamtuma mdogo wangu.

Ni binti wa mama mdogo; tulikuja huku pamoja kutoka kambi ya wakimbizi. Yeye alifika akiwa mtoto, akapata uraia kupitia mama yake. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Ombi langu la uraia lilikuwa bado. Pasta alinieleza kwa upole, "Mwanangu, hatukukuacha. Ni pasipoti tu." Lile "tu" nililichambua juma zima. Kama ni pasipoti tu, mbona hawakuniambia mapema? Na kama si pasipoti, wameona nini kwangu?

Kwetu msafiri akirudi husimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Aliporudi, wa kumtafsiria nilikuwa mimi. Na mkalimani wetu hasemi "anasema hivi". Huibeba "mimi" ya msemaji kama yake. Basi nilisimama kando yake na kipaza sauti, nikatangaza, "Niliamka nikaona theluji mlimani. Nililala chini, juu ya mkeka mnene wa majani. Mama mmoja Mjapani alinipa supu ya mwani asubuhi, nikaimaliza."

Akina mama walipiga vigelegele wakinitazama mimi, kwa kuwa sauti waliyoielewa ilikuwa yangu. Nilisikia utamu, kwa muda mfupi. Aliyeinywa ile supu alikuwa amesimama pale pale, bega kwa bega na mimi.

Akaendelea: siku ya mwisho kila mgeni aliombwa asali kwa lugha ya kwao.

"Niliona haya," nikatafsiri. "Baba Yetu naijua nusu tu. Nikanyamaza."

Ndipo aliponigeukia, akasema kwa Kiingereza kwamba aliyestahili kwenda ni dada yake huyu, na mwakani wamtume.

Nikakwama. "Mimi" ilikuwa yake; sasa dada yangu ni nani? "Aliyestahili kwenda ni dada yangu huyu," nikasema, na kwa kukosa pa kuelekeza kidole, nikamwelekezea yeye.

"Aa, tafsiri vizuri!" akapaza sauti baba mmoja wa kwaya, dereva wa lori anayejua Kiingereza. "Amesema ni weye!"

"Mimi nasikia ni yule mwenye kusafiri," akabisha mama aliyekaa mbele yake.

"Hapana, mama! Ni huyu mwenye kujificha!"

Watu wakacheka hadi Pasta akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. "Kanisa, mwakani tumtume huyu?"

"Ameen!"

"Karatasi zikitoka," akaongeza mzee mmoja, na wengine wakaitikia amina kwa hilo pia.

Tulirudi Haltom City kwa gari lake. Aliniuliza kwa Kiingereza kama nimemkasirikia.

"Hapana."

"Yaya, unadanganya." Hilo, pamoja na “yaya” ya kumwita dada mkubwa, alilisema kwa Kiswahili, kwa matamshi yake yaliyopinda, nikacheka bila kutaka.

Lakini nilikuwa nageuza mambo moyoni. Safari alipewa yeye. Na hata kunisifu mbele ya watu wote kulimtoka kirahisi, jambo ambalo mimi, kama ningekwenda, nisingemfanyia. Wivu wa Japani ulikuwa na dawa, karatasi zingetoka siku moja. Huu mwingine, wa moyo wake, sikujua nitauombea vipi.

Nikamwambia akate kona ya kulia, ingawa njia ya kwetu anaijua.