Baiskeli Mbili na Wadi ya Misfa

Mume wangu alinunua baiskeli mbili kwa siku moja. Mpaka leo nikimwuliza ya pili alimnunulia nani, hunijibu, "Wewe, nani mwengine?" Basi na nieleze ilivyokuwa yangu, maana ilikuwa yangu kwa muda mfupi sana.

Tulikuwa tukikaa Nizwa, miaka ya themanini inaelekea ukingoni. Nilikuwa nasomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana. Mimi nimezaliwa Bujumbura, nikasoma kwa Kifaransa mpaka nikamaliza, na tulipohamia Oman, kwa asili ya wazee wetu, katikati ya miaka ya sabini Kifaransa changu kilikosa kazi kabisa. Ndiyo maana siku nilipokutana na mke wa injinia mmoja wa Kifaransa kwenye benchi la hospitali nilimganda. Mumewe alikuwa katika kazi za barabara. Yeye alikuwa akishinda peke yake nyumbani, hana wa kuzungumza naye. Nikawa nakwenda kwake Alkhamisi asubuhi, siku ambayo skuli ilikuwa imefungwa.

Alikuwa na albamu ya picha za kwao. Yeye na mumewe wamepanda baiskeli za milimani, zile za matairi mapana yenye meno, wanapita bondeni kando ya mto, mizabibu kulia na kushoto mpaka vilimani.

"Hapa mlikuwa mnakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Hatukuwa tunakwenda popote," akasema. "Tulikuwa tunapita tu."

Maneno yale yalinikaa. Sisi mwanamke akitoka nyumbani lazima awe anakwenda pahala: kazini, hospitali, arusini, msibani. Kupita tu hakumo.

Walipomaliza mkataba wao, baiskeli hawakuzichukua. Mume wangu akazinunua, akazileta nyuma ya pikapu, akasema mbele ya mama yake, "Moja yangu, moja ya mama watoto." Mama mkwe akaitazama ile ya pili, halafu akanitazama mimi. Heri angesema.

Mume wangu alikuwa akiipanda yake kila jioni, anakwenda sokoni, anapita ngomeni, anarudi amelowa jasho na amefurahi. Mimi nilikuwa naipanda yangu uani. Ua wetu ulikuwa na hatua kumi na tano kwa kumi na mbili, na katikati pana tangi la maji. Nilizunguka tangi lile kama ngamia wa kinu cha mafuta. Baiskeli ina gia kumi na nane na mimi sijatoka gia ya pili. Watoto wangu wawili waliketi kizingitini wakihesabu mizunguko, mpaka wakachoka.

"Lini tutatoka?" nilikuwa namwuliza.

"Inshallah, jua likipungua."

"Jua la Nizwa linapungua lini?"

"Wewe nawe. Subiri."

Nilisubiri tangu mwezi wa pili mpaka wa tano. Mwisho nilimwambia kwamba asiponipeleka nitakwenda sokoni kwa baiskeli mchana kweupe, na akajua kwamba sisemi mchezo. Alkhamisi iliyofuata, baada tu ya sala ya alfajiri, tukawaacha watoto kwa bibi yao, tukapakia baiskeli kwenye pikapu, tukaelekea Al Hamra. Shabaha yetu ilikuwa Misfa, kijiji kilichojengwa ubavuni mwa jabali. Nilisikia kina mizabibu. Nilitaka tuache gari chini, tupande kwa kufuata wadi, lile bonde la mto ambalo maji yake huja mvua ikinyesha tu.

Nilivaa suruali, juu yake kanzu ndefu, juu yake abaya, na kichwani mtandio niliofunga mafundo mawili. Kabla hatujafika mbali abaya ikaingia kwenye mnyororo. Mume wangu akasimama mbele, mguu mmoja chini.

"Nilikwambia vaa kitu cha kubana."

"Uliniambia vaa abaya."

"Nilisema vaa abaya ya kubana."

Niliichomoa, imechanika na imejaa grisi, nikaikunja kiunoni. Wadini hapakuwa na mtu.

Na hapo, kwa muda, mambo yakawa mazuri. Kokoto zilikuwa zikilia chini ya matairi, kuna vidimbwi vya maji safi kwenye miamba, na miguu yangu ikakumbuka kila kitu. Mimi nilijifunza baiskeli ufukweni mwa ziwa kule Bujumbura, kwa baiskeli ya kaka zangu iliyonizidi kimo. Mchanga naujua. Kwenye mchanga hukai mbele ukabana breki, unarudi nyuma, unaiachia. Mume wangu alijifunza mitaani Unguja, kwenye lami. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele, na yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele, "Badilisha gia. Kaza mikono. Usije ukaanguka."

Akaanguka yeye. Kichaka cha mgunga kilimpokea ubavu mzima. Sikucheka. Naapa sikucheka, ila uso wangu labda ulicheka bila ruhusa yangu, kwa sababu alinuna tangu pale. Alipoinua baiskeli yake tukakuta tairi la mbele limekaa chini: miiba mitatu.

"Leta pampu," nikamwambia.

Pampu ilikuwa garini. Viraka vilikuwa garini. Akasimama akifikiri, kisha akaichukua baiskeli yangu.

"Nitarudi mara moja," akasema. "Wewe kaa hapa kivulini, usiende popote."

"Kwa nini usisukume yako, tukarudi pamoja?"

"Nitachelewa. Kaa."

Akaondoka na baiskeli yangu. Nikaketi chini ya mkunazi na baiskeli yake iliyo pancha, jua linapanda ukutani mwa bonde. Saa nzima ikapita. Nilikuwa mwalimu, nasomesha madarasa matano, watu wazima wananisalimu kwa heshima, na nimewekwa chini ya mti kama mzigo.

Akapita mzee mmoja na punda aliyebeba alfalfa, majani ya kulishia mifugo. Akasalimu, nikaitikia. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Wanaume wako wako wapi?"

"Mume wangu amerudi garini. Anakuja."

Alilitazama vazi langu, akaitazama baiskeli, akakisikiliza Kiarabu changu ambacho mpaka leo kina pua ya Kifaransa. "Zinjibari," akasema, si kuuliza bali kujijibu, akaenda zake.

Mimi Zanzibar sijaikanyaga hata siku moja. Lakini kwa watu wa pale, kila aliyerudi kutoka Afrika ni Mzanzibari, na ukilifanya jambo wasilolijua, basi ndiyo Uzanzibari wenyewe. Niliinuka. Sikuweza kukaa tena. Nikaishika baiskeli kwa usukani, nikaanza kuisukuma kwenda juu.

Nilifika mabustanini nimelowa jasho. Matuta ya mashamba yalipanda kama ngazi, mitende chini, juu yake midimu na mikomamanga, na falaji, mfereji wa maji, unapita kingoni mwa kila tuta. Mizabibu ilikuwa imetandazwa juu ya chanja za miti, ukipita chini unainama. Mwanamke mmoja wa rika langu alikuwa akikata majani ya mifugo. Hakuniuliza wanaume wangu wako wapi. Alinichotea maji, akaningojea ninywe.

"Zabibu?" nikamwuliza.

"Bado mwezi, pengine zaidi." Akanichumia kishada kidogo cha kijani nionje. Zilikuwa kali mpaka masikio yakanisimama. Tukacheka wote wawili.

Halafu akaigusa ile baiskeli. "Unaipanda wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Ila hii ni ya mume wangu. Yangu ameichukua."

Akalitafakari hilo. Kisha akaweka mundu chini, akaikalia baiskeli upande upande, kama mtu anavyokaa juu ya punda, akaniambia niisukume. Nikaisukuma chini ya chanja, tairi limelala, yeye ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umekaza kama anayepita juu ya ukuta. Tulifika mwisho wa tuta, akashuka, akasema, "Alhamdulillahi," akarudi kukata majani.

Mume wangu alitukuta pale, amekasirika na ameogopa. "Nilikwambia usiende popote. Nimepiga kelele wadi nzima." Nilimwachia aseme mpaka akamaliza. Akaziba pancha. Sikumsaidia. Ilipokuwa tayari nikachukua baiskeli yangu, nikapanda, nikashuka njia ya bustanini, nikaingia wadini bila kumngoja. Nilishuka hivyo mpaka garini, gia nilizipata zote, na sikuanguka. Ilikuwa kama dakika ishirini. Nikijumlisha safari yote, dakika hizo ndizo nilizopanda baiskeli kwa haki yake.

Jumamosi mkuu wa skuli akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa adabu, akaniagizia kahawa kwanza.

"Mwalimu, tumesikia ulikuwa Misfa."

"Ndiyo. Pamoja na mume wangu."

"Sisemi vibaya. Lakini wasichana wanasikia, na baba zao wanasikia."

"Wanasikia nini?"

Akazungusha kikombe. "Kwamba mwalimu amepanda baiskeli."

"Ni kweli, nimepanda."

"Basi," akasema. "Ndiyo hayo."

Hakunikataza, wala hakunionya. Aliniambia tu kwamba nimeonekana. Nilirudi darasani nikasomesha vitenzi vya wakati uliopita, kwa hasira ambayo sikuwa na wa kumpa.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Alitikisa kichwa, akasema watu hawana kazi. Nilidhani tuko upande mmoja. Siku ya nne narudi kutoka skuli, nikakuta ukutani imeegemezwa baiskeli moja.

"Yangu iko wapi?"

"Nimempa mwenzangu wa kazini, alikuwa akiitaka. Nimekuondolea maneno."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Nilimtazama nikitegemea kumwona ameridhika, lakini alimwambia mwanawe, bila kuinua kichwa, "Cha mtu huulizwa mwenyewe." Mume wangu akatoka nje. Baiskeli hakuirudisha.

Mwaka uliofuata nilichukua leseni ya gari. Mkuu wa skuli alinipongeza mbele ya walimu wote, na mume wangu alinifundisha kurudi nyuma kwenye uwanja wa mpira, akipiga kelele zile zile, kaza mikono, angalia kioo. Sijawahi kuelewa kwa nini magurudumu manne hayamwaibishi mtu na mawili yanamwaibisha. Nilimwuliza hilo tukiwa uwanjani, mimi nimeshika usukani. Injini ilikuwa inaunguruma.

"Gari lina milango ya kufunga," akasema.

Nikaingiza gia, nikarudi nyuma.