Siku Sentensi Yangu ya Siri Iliposomwa Ukutani

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana Tukuyu nzima wanalo, na kila anayelisimulia anaongeza chumvi wakati lenyewe lilishakolea.

Mimi ni mtu wa kompyuta wa chama kimoja cha wakulima wa parachichi pale Ibighi, hapa hapa Tukuyu, ingawa kwetu ni Singida, na kwa miezi minane nilikuwa nampenda karani wetu Atupele bila kumwambia, kwa sababu baba yake, Mzee Ambakisye, ndiye mwenyekiti wa chama, na ukimwona anavyokagua parachichi lenye doa utaelewa kwa nini nilinyamaza.

Sasa kumbukumbu zote za chama zikahamishiwa kwenye seva iliyoko Dar, na ili uifikie ukiwa huku lazima utengeneze jozi ya funguo kwenye kompyuta yako: mmoja wa wazi unaupeleka kwenye seva, mwenzake wa siri unabaki nao wewe, na huo wa siri unaulinda kwa neno la siri. Fundi wa Dar akaniambia kwa simu, "Kaka, usiweke neno fupi. Weka sentensi nzima, kitu ambacho hujawahi kumwambia mtu." (Mnaona mambo yanakoelekea.) Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo.

Ningejifungia ofisini ningemaliza kwa dakika mbili. Lakini hapana, nikataka Atupele aone ninavyoijua kazi, basi nikapendekeza nifanye mbele ya mkutano wa wanachama, ukumbini Makandana, kwa projekta ya kuazima. Na kwa kuwa wazee wengi Kinyakyusa ndicho kinachowaingia, mikutano yetu yote ina mkalimani, Baba Anyosisye, mtu asiyeruka hata nukta, na mimi kwa mdomo wangu huu huu nikamwambia, "Baba, kila kitakachotokea ukutani, kisome kwa sauti kisha utafsiri."

Nikaanza. Kompyuta huwa inauliza kwanza jina la faili la kuhifadhia ufunguo, halafu ndiyo inauliza neno la siri, na hilo ukiliandika haionyeshi hata herufi moja. Mimi nilikuwa namtazama Atupele (alivaa sweta la kijani, sijui kwa nini nalikumbuka), sikusoma swali, nikadhani tumeshafika kwenye neno la siri, nikachapa kwa kujiamini huku nikiwaambia watu, "Mnaona? Naandika, lakini hakuna anayeona!"

Ukumbi mzima ukakodolea macho ukutani. Baba Anyosisye akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile ya matangazo ya kanisani: "Nampenda Atupele ila namwogopa baba yake." Halafu akawageukia wazee akatafsiri, taratibu, wasikose kitu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaitikia, "Ndaga fijo!" yaani amepokea taarifa na anashukuru.

Ningechomoa tu waya, yangeisha. Badala yake nikabonyeza enta ili ile sentensi iondoke, haikuondoka, nikabonyeza tena na tena, kumbe kila nikibonyeza naiambia kompyuta iendelee, ikatengeneza funguo na kutangaza kwamba ule wa siri umehifadhiwa kwa jina la Nampenda Atupele ila namwogopa baba yake, na ule wa wazi nao kwa jina hilo hilo, na Baba Anyosisye akasoma yote mawili, akatafsiri yote mawili. Nikaruka mbele ya projekta nizibe mwanga kwa mwili wangu. Shati langu lilikuwa jeupe.

"Sasa inasomeka kifuani!" akapaza sauti mama mmoja, na vigelegele vikapigwa.

Mzee Ambakisye akasimama, akanikagua mpaka nikahisi nina doa. "Mtaalamu," akasema, "mambo ya binti hayaletwi na umeme. Yanaletwa na watu wazima, kwa miguu yao. Endelea na mafunzo." Nikaendelea, ila nilichofundisha baada ya hapo sikijui.

Siku tatu nzima kwa Atupele nilipata "habari za kazi" tu, hata macho hanipi, na mimi nikaanza kufikiria kurudi Singida, maana aibu nilishaizoea, lakini ule ukimya wake uliniuma kweli.

Siku ya nne akaja mezani kwangu na kompyuta yake. "Nielekeze na mimi nitengeneze huo ufunguo," akasema. "Na usome maswali."

Nikamwelekeza, jina la faili kwanza. Tulipofika kwenye neno la siri akaniambia nigeukie ukuta, nikageuka, nikamsikia anachapa muda mrefu, sentensi nzima, anacheka peke yake, kisha akaichapa tena maana kompyuta huitaka mara mbili.

"Umeandika nini?"

"Siri," akasema. "Wengine tunajua kuzitunza."

Basi nimeapa, projekta siigusi tena, na kila swali la kompyuta nalisoma nikilifuata kwa kidole. Ila Jumamosi wajomba zangu wawili wanafika na basi kutoka Singida, watu wazima kabisa, na nimewaambia kuanzia stendi mpaka kwa Mzee Ambakisye wasipande hata bodaboda.