Bafta ya Njia Panda

Bi Mwamvita wa Ujiji ameosha maiti za wanawake tangu ujana wake, na sifa yake kubwa ni moja: hajawahi kuuona mwili wa mtu. Hupitisha mikono chini ya shuka, humwaga maji chini ya shuka, na akitoka pale hana habari ya kovu, mimba wala wembamba wa marehemu. Wenye ndimi ndefu wamemchokonoa mara nyingi wakaambulia patupu. Kwa hiyo hata wanawake wasiopikika naye chungu kimoja, na hao si haba maana mama huyu ana kauli kali, huusia kwamba siku yao ikifika aitwe yeye.

Mwanamke wa namna hii ndiye ambaye Mungu alimkabidhi Shadia. Ni mtoto wa marehemu mdogo wake, amemlea tangu anatambaa, naye humwita mama. Amekua na shingo ndefu na ngozi ya maji ya kunde ambayo hata wenye wivu huisifia. Kampuni moja ya mafuta ya kujipaka ilipotuma wapiga picha Kigoma, walimkuta saluni anakofanya kazi, wakamwomba, akakubali bila kumuuliza mtu. Baadaye bango likapandishwa njia panda ya Kasingirima, refu na jembamba kama mlango, juu ya nguzo ya chuma. Shadia amejifunga taulo dogo, bega wazi, paja wazi, macho yamelegea, na chini ya miguu yake maneno yanayouliza: Nani atavumilia asiguse?

Asubuhi iliyofuata Shadia alipiga goti kama kawaida. "Shikamoo, mama." Bi Mwamvita akaendelea kuchambua mchele. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Alijua anachofanya, maana kwetu mkubwa asipoitikia shikamoo yako amekufungia mlango bila kuugusa. Lakini tusimsingizie, naye aliumia. Kila alipofungua mdomo aitikie, aliliona lile paja juu ya nguzo, na vijana wa bodaboda chini yake wakicheka.

Mzee Thobias, mwenyekiti wa mtaa, akaitisha kikao. Shehe na mchungaji, ambao kwa kawaida hubishana hata nani afungue kwa dua, siku hiyo walikuwa kitu kimoja: bango ni aibu, watoto wanapita pale kwenda shule. Afisa mmoja wa halmashauri aliyehamishiwa huku kutoka Moshi akaeleza kwa upole kwamba kibali kipo na malalamiko yana taratibu zake. Akasikilizwa kwa heshima na kupuuzwa kwa heshima. Ndipo akasimama Brigita, mwanika dagaa wa ufukweni. Alisalimia kwa Kiha, mwakeye, kisha akauliza mbona yeye na wenzake hujifunga kitenge kifuani wakaingia ziwani mbele ya wanaume hawahawa, na hakuna aliyewahi kuwaitia kikao. Mtu mmoja akamjibu kwamba wao wako kazini, hawauzi kitu. Brigita akasema anauza dagaa, na watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Mwishowe wakaafikiana bango lifunikwe mpaka halmashauri ijibu. Likabaki swali la kitambaa, na hapo kila mtu akaanza kutazama viatu vyake.

Bi Mwamvita akainuka. "Mtoto ni wangu," alisema. "Nitamfunika mwenyewe."

Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na mimi namtetea kwamba hakulikusudia. Nyumbani kwake hakukosekana jora la bafta nyeupe. Alilitandaza mkekani, akapima kwa mikono, na mikono ikafanya kazi inayoijua. Hakupinda ukingo, hakushika sindano. Kamba za kufungia alizichana palepale kwenye pindo la kitambaa. Pastory, fundi umeme, akasimamisha ngazi na kulizungushia bango ile bafta, na Bi Mwamvita akimwelekeza kutoka chini: funga juu ya kichwa, funga kiunoni, funga chini ya miguu. Pastory alipokanyaga ardhi, watu waliokuwa wakipiga makofi wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Juu ya nguzo alisimama maiti ndani ya sanda.

Hakuna aliyelitamka. Lakini tangu siku hiyo bodaboda walizima muziki wakifika njia panda, na hakuna aliyewaamuru. Wazee walivua kofia kisha wakajishangaa. Wanawake waliotoka sokoni walipita wakinong'ona. Na alasiri, upepo wa ziwani ulipopanda, bafta ilikuwa ikivutwa ndani na kutoka, ndani na kutoka, pale tu panapokaa mdomo.

Saluni nako mambo yakageuka. Wateja walianza kumzungumzia Shadia kwa namna ya ajabu. "Shadia alikuwa msichana mzuri," mmoja alisema, "alikuwa na mkono mwepesi wa kusuka," na Shadia amesimama nyuma yake na chanuo mkononi. Haikuwa kejeli. Aliwaamkia wakubwa njiani, macho yao yakateleza pembeni yake wakaendelea na safari. Muuza maandazi alimhudumia kila aliyekuja nyuma yake. Akarudi nyumbani, akajifunika shuka, akasema anasikia baridi, na joto la Ujiji mnalijua.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka kitandani. "Mama, watu hawaniitikii."

Bi Mwamvita akageukia jiko. Alijiambia kwamba fundisho limeanza kuingia, na moyo ukamwambia kwamba huo ni uongo. Akaupuuza moyo.

Mvua ya alfajiri ikailowesha ile bafta. Kulipokucha ilikuwa imegandamana na bango, na uso ukajitokeza: paji, pua, vile vishimo viwili vya macho. Watu wakaanza kuzungukia barabara ya nyuma.

Asubuhi hiyohiyo aliteremka Marcelina kutoka Kalinzi, rafiki wa zamani wa Bi Mwamvita, amepakia mkungu wa ndizi na maharage nyuma ya pikipiki. Kule milimani habari zilikuwa zimefika kwamba mtoto wa Bi Mwamvita yuko kwenye sanda Kasingirima. Alianza kulia tangu uani. Shadia ndiye aliyemfungulia mlango, akapiga goti, akaamkia. Marcelina akampita, bega kwa bega, akaingia ndani akamkumbatia mwenzake.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Mmeshamzika?"

Bi Mwamvita alijitoa mikononi mwake taratibu. "Marcelina, ni nani amekufungulia mlango?"

Marcelina akageuka. Alitazama pale mlangoni kwa muda, kwa uso wa mtu anayejitahidi. "Ulikuwa wazi," akasema.

Bi Mwamvita naye akatazama. Shadia alikuwa ameshika mwimo wa mlango, midomo yake inacheza, na ilionekana wazi anaamkia tena. Safari hii sauti haikumfikia mama yake.

Hakuchukua hata viatu. Alikwenda njia panda mtandio ukiburuzika, akamwambia Pastory alete ngazi amfungue mtoto. Pastory alileta ngazi lakini hakupanda. Alisema fundo la sanda hufunguliwa kaburini tu, na yeye hayumo. Bi Mwamvita angembishia nini? Nusu ya mji ule yeye ndiye aliyeufundisha hivyo. Akamwambia basi ashike ngazi isiteleze, akajifunga kanga kiunoni, akapanda mwenyewe.

Watu wakajaa. Mzee Thobias akamkumbusha kutoka chini, bila ukali, kwamba kikao kiliamua, na kwamba akiitoa ile nguo atakuwa anamvua mwanawe mbele ya wanaume.

"Nimewasikia," alisema Bi Mwamvita. "Mtazameni. Lakini mtazameni akiwa hai."

Alianza na fundo la kichwani. Kamba ilikuwa imelowa na kukaza, akaling'ata fundo kwa meno likalegea. Akafungua la kiunoni, akashuka ngazi moja, akafungua la miguuni. Kitambaa hakikutaka kubanduka, ikabidi akivute kwa nguvu kutoka usoni, begani, mpaka lile paja likatoka juani mbele ya Kasingirima yote. Na yeye, ambaye maisha yake yote hajatazama mwili wa mtu, akautazama huu. Gotini aliona kovu dogo ambalo wapiga picha walisahau kulifuta. Ni la uji wa moto. Alilipaka samli yeye mwenyewe, mtoto akilia mapajani mwake, na sasa machozi yakamtoka palepale juu ya ngazi, wala hakuyafuta.

Alipofika chini, Shadia alikuwa amekuja. Alisimama nyuma ya umati na shuka lake mabegani, watu wakimgonga na kupita bila kuomba radhi. Bi Mwamvita aliwapenya akaenda kusimama mbele yake, bafta imemning'inia mkononi ikichuruza maji. Shadia hakupiga goti. Midomo aliifunga.

"Marahaba," alisema Bi Mwamvita.

Watu wakageuka.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akaitikia ya asubuhi hiyo, akaitikia ya jana, akarudi nyuma moja moja mpaka ile ya siku ya kwanza.



"Kumbe ulikuwa unanisikia," alisema Shadia.