Mbuzi wa Ng'ambo ya Kaya

Mwaka 1975, mbele ya soko la Koboko, Uganda, ilitangazwa kwa kipaza sauti ya kwamba sukari ipo ya kutosha katika wilaya yote, na ya kwamba anayesema haipo ni adui wa maendeleo. Tangazo lilisomwa na Bwana Ondoga, karani wa habari, kwa sauti ya mtu anayetangaza ndoa kanisani. Alipomaliza alikunja karatasi, akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la Mama Hajara na kuagiza chai.

"Sukari hakuna, Bwana Ondoga."

"Nimesikia iko."

"Hata mimi nimesikia. Ulisoma vizuri."

Mama Hajara alikuwa mjane, na kibanda kile cha nyasi ndicho kilichomwepusha kurudi kijijini Lobule, kwa shemeji yake aliyempa mtu chakula kwa mkono mmoja na maneno kwa mkono mwingine. Chai chungu haifungi mteja. Kila asubuhi vikombe vilirudi nusu, na benchi tupu likazidi kuwa refu.

Ndipo siku moja ya ukungu Romano, fundi wa baiskeli, alipoinuka aondoke, na yule mama akasema, kama anayeongea na birika, "Ukungu kama huu ndio ulikuwa mtoni Kaya siku ile." Romano akaketi.

Ilikuwa habari ya utoto wa Mama Hajara: yeye mabegani mwa kaka yake, Mogga, wakivuka mto kutoka ng'ambo kuja kwa shangazi. Aliisimulia polepole. Matete yamelala juu ya maji, yangeyange wanasinzia wima, na mto wenyewe una joto kuliko hewa, mtu asijue unaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Kisha Mogga anamweka juu ya jiwe. "Usitoke hapa. Namrudia mbuzi ng'ambo." Anaingia katika weupe ule. Baadaye, kwa mbali, kengele ya mbuzi.

"Halafu?"

"Kunywa kwanza," alisema Mama Hajara, akaenda kuchochea moto.

Hiyo halafu haikuja siku ile, wala iliyofuata. Watu walirudi kuisubiri na wakanywa ule uchungu mpaka mashapo. Dereva mmoja wa lori la Arua alikaa mpaka abiria wake wakamfuata, nao wakaketi. Romano alisema mama yule anajua pa kukata, kama fundi cherehani.

Mwishowe uvumilivu ukamwisha yeye mwenyewe. "Mama, leo umalize. Mbuzi alivuka?"

"Alivuka."

"Na Mogga?"

Mama Hajara alishika kijiko bila kukoroga. Angeweza kuwapa mwisho mzuri, na benchi zima lingemshukuru.

"Mbuzi alivuka peke yake, maji yanamtiririka, kengele iko shingoni. Mimi nilikaa juu ya jiwe mpaka shangazi akanikuta. Mimi najua mpaka hapo."

"Kumbe kila siku ulikuwa unatukatia hapo."

"Sikukata. Inaishia hapo tu."

Wateja waliondoka mmoja mmoja. Mchana ule Mama Hajara alivipanga vikombe ndani ya kikapu, akavitilia nyasi katikati visigongane njiani kwenda Lobule.

Asubuhi alikuja kuchukua kikapu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, na ndani yake akasikia mtu anakohoa. Benchi lilikuwa limejaa. Romano alikuwa ameshatoa vikombe, akivipangusa kwa shati.

"Mama," alisema, "mimi naenda ng'ambo na baiskeli za watu. Huyu Mogga, alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Hajara akaketi kati yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mrefu. Shati ya kaki ya baba, mikono inamshinda, anaikunja. Anacheka kabla ya kusema."

"Kaki," Romano akarudia, na dereva wa Arua naye akarudia.

Chai ilipokuwa tayari, Bwana Ondoga, ambaye alikuwa amelisoma tena tangazo lake la sukari muda si mrefu, alitoa mfukoni chumvi ya kupunguza uchungu, iliyofungwa katika jani, akatia kidogo kwenye kikombe chake, akakoroga, akampa jirani jani lile.