Koti la Dada Yangu Ndani ya Gemu

Dada yangu ni mpagazi. Hubeba mizigo ya watalii kupanda Kilimanjaro, na akishuka hurudi nyumbani kwetu Marangu, hufua nguo zake na kuzianika kwenye kamba iliyofungwa kati ya mibuni. Mimi ni mdogo wake, niliyeteremka mjini. Nimepanga chumba Kiboriloni, na kazi yangu ni kutengeneza nguo za watu wa kwenye gemu za kompyuta. Mama akiulizwa, husema mwanawe ni fundi cherehani. Nimemwacha aseme hivyo.

Kampuni moja ya nje ilipoanza kutengeneza gemu ya kupanda mlima kama wetu, mimi nilipewa nguo za wapagazi. Nilifurahi kupita kiasi. Jumamosi moja nikapanda Marangu, nikamwomba dada avae koti lake la rangi ya chungwa nimpige picha. Koti lile aliachiwa na mtalii mwanamke mrefu kuliko yeye. Zipu ilikuwa imekufa, akashonewa vifungo. Mikono alikuwa ameikunja, na begani kitambaa kilikuwa kimelika kwa mikanda ya mizigo. Nikamwomba ajitwike gunia kichwani, ainue mkono kulishika, atembee, asimame. Nilitaka kuona kitambaa kinavutika wapi.

“Kwa nini usitafute mtu mwenye koti zima?” aliniuliza.

Nikamwambia koti zima kila mtu anajua kulichora. Akacheka, akajitwika tena. Mama alitoka na mabakuli ya mtori, akatutazama, akasema tumerukwa na akili wote wawili.

Nguo ndani ya gemu ni kama wavu. Ni vipande vidogovidogo vya pembetatu vilivyounganishwa, tunaviita poligoni. Vikiwa vingi, nguo inakuwa na mikunjo na mishono, inaonekana imevaliwa na mtu. Vikizidi, kompyuta inalemewa na gemu inakwama. Kwa hiyo lazima vipunguzwe, na mimi sina ugomvi na kupunguza. Ndiyo kazi yenyewe, na naipenda. Unafuta ndani ya kola ambako hakuna atakayeona. Unafuta mgongo uliofunikwa na begi. Lakini kwapa huligusi ovyo, kwa sababu hapo ndipo nguo inapojikunja. Ukifuta vibaya pale, mtu akiinua mkono bega linabonyea kama debe lililokanyagwa. Na mpagazi, mkono wake uko juu kutwa nzima.

Nilipotuma koti, mkuu wa kitengo cha nguo alinijibu kwamba ni zuri sana, ila nilipunguze hadi kiwango cha watu wa nyuma. Ndivyo alivyowaita. Pamoja na jibu alinitumia koti la mtalii, yule mpandaji ambaye mchezaji humwongoza, ili nione tofauti. Nikalifungua. Zipu ya kifuani peke yake ilikuwa imepewa poligoni nyingi kuliko nilizoruhusiwa kwa koti zima la dada yangu. Zipu! Nikainuka, nikatoka nje, nikazunguka soko la Kiboriloni bila kununua kitu. Mama mmoja anayeniuzia nyanya siku zote alinisalimia, na nilikuwa nimeshampita ndipo nikatambua kuwa sijamwitikia.

Mchana uleule nikampigia yule mkuu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mchezaji hawaangalii wapagazi. Wao wapo tu, wanapita mbali, wanaipa njia uhai kidogo.

“Mpagazi hapiti mbali,” nilimwambia. “Njia ni nyembamba. Anakupita mpaka unasikia pumzi yake.”

Akasema anaelewa kwamba jambo hili linanigusa. Nikamuuliza ile zipu inamgusa nani. Akanikumbusha kwamba ipo programu inayopunguza poligoni yenyewe, nibonyeze tu kitufe nisijichoshe.

Sikubonyeza. Nilikaa na koti lile siku nyingi, nafuta kwa mkono, pembetatu moja moja, huku nimeuma meno. Suruali niliipukutisha mpaka ikawa kama mabomba mawili. Soli za viatu, mifuko, vifungo vya chini, vyote nikavitoa. Nilichobakiza nikakiweka kwenye bega, kwapa na kiwiko. Nikafika kwenye kiwango walichotaka, na mkono ukawa unainuka vizuri, kitambaa kinavutika pale pale kilipovutika siku ile nyumbani. Nikatuma. Wakajibu asante.

Wiki kadhaa baadaye walitutumia gemu tuijaribu. Wapagazi wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamevalishwa koti moja lililobadilishwa rangi tu, na koti hilo lilikuwa la dada. Na walikuwa wamelipitisha kwenye ile programu yao. Kila mpagazi aliposhika mzigo wake, bega lilizama ndani ya mbavu.

Dada alikuwa ameteremka kununua viatu vya mitumba, akapita kwangu. Nilitaka kuzima, lakini alikuwa ameshaona. Akavuta kiti akakaa. Alitazama wapagazi wakipita, mmoja baada ya mwingine.

“Hawa wamevunjika mikono?” aliuliza.

Nikaanza kumweleza habari za viwango na za programu. Hakunisikiliza. Alikuwa amesogea karibu na kioo.

“Hili ni koti langu.”

“Ndiyo, dada.”

“Waambie wanirudishie.”

Hakuwa anatania. Alichukua mfuko wake wa viatu akaondoka bila kunywa chai, na dada yangu si mtu wa kukataa chai.

Nikawaandikia. Nilisema kama hawawezi kulitengeneza basi walitoe, waweke koti lingine lolote. Wakajibu kwa adabu kwamba kwa mkataba wetu, kila nilichokituma ni mali yao. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeweka sahihi. Basi nikaomba jina langu liondolewe mwishoni mwa gemu, kwenye majina ya waliotengeneza. Hilo walilifanya siku ileile. Kazi yao nyingine nikaikataa, na mama alinung'unika muda mrefu, akisema hasira haijawahi kumlisha mtu. Dada naye alipopanda tena mlimani alikuwa amevaa koti lingine.

Siku hizi nashona, kama mama anavyosema, kwa ajili ya watengeneza gemu wadogo wasio na haraka. Hasira haijaisha. Juzi binamu yangu wa Kibosho alikuja na gemu ile kwenye kompyuta yake, akataka tuitazame pamoja. Nikakataa. Akacheza peke yake pembeni yangu, na baada ya muda akasema kwa furaha, “Lakini kaka, mlima umetoka vizuri. Hebu ona haya mawe.”

Nikatazama. Yalikuwa yametoka vizuri kweli. Kila jiwe lilikuwa na nyufa zake, na kuvu yake, na upande uliolika kwa mvua. Nikamwambia afunge hiyo kompyuta au aende kuchezea kwao.

Akaenda kuchezea kwao.